Mafuta ya nazi hayatakauka, fundi: jibu kwa seremala wa Lindi

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi seremala hapa Lindi. Natengeneza milango, madirisha na vitanda, zaidi vya mninga na mkongo, mara mojamoja mvule. Milango inayoelekea baharini vanishi yake haimalizi mwaka, inapasuka na kubanduka kama gamba la nyoka. Nikipaka ndani ya karakana, thina inaniumiza kichwa na kifua kinabana. Nasikia siku hizi kuna vanishi za mafuta ya mimea zisizo na sumu. Huku nazi tunazo, na maganda ya korosho yamejaa. Naweza kupaka mafuta ya nazi? Mafuta ya maganda ya korosho je? Na mteja anayetaka mlango ung'ae nimwambie nini?"

Marahaba, fundi. Umeuliza mengi, lakini la kifua ndilo lililonishtua, kwa hiyo naanza nalo. Usipake tena thina ndani ya karakana iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Toa kazi nje, chini ya banda lisilo na kuta. Thina ya dukani mara nyingi ni mchanganyiko wa tolwini, zailini na asetoni, na vyote hivyo hupita mapafuni vikaingia kwenye damu na ubongo. Kichwa kinachokuuma ni ubongo wako unaolalamika. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya kupaka rangi, mwaka 1989, katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Hilo halina maana kwamba kila mpakaji ataugua. Lina maana kwamba jambo lenyewe limeshathibitika, na kifua kinachobana hupaswi kukizoea. Nenda hospitali ukapimwe, na umweleze daktari kazi unayofanya.

Sasa tuje kwenye kopo lenyewe. Ndani ya vanishi ya kawaida kuna vitu vitatu vinavyokuhusu. Kuna kile kinachobaki kwenye mbao na kuwa utando. Kuna thina au tapentaini, ambayo kazi yake ni kuifanya vanishi iwe nyepesi ipakike, kisha inaruka hewani, na nyingine unaivuta wewe. Halafu kuna kikaushio, chembe kidogo za madini zinazoharakisha ukaukaji. Mafundi wengi hawajui kwamba kile kinachobaki kwenye mbao, kwa miaka mingi sasa, sehemu yake kubwa ni mafuta ya mimea. Jina "rangi ya mafuta" unalolisikia kila siku lina ukweli ndani yake. Rangi hizo hutengenezwa kwa kupika mafuta ya soya, alizeti au kitani (mbegu za mmea unaotoa nguo za kitani) pamoja na gliserini na asidi ya kiwandani, yakapatikana mafuta mazito yanayoitwa alkidi. Yalianza kuenea miaka ya 1920 na 1930 huko Marekani. Kwa hiyo unapoambiwa kopo fulani ni la "mafuta ya mimea", usishangilie bado. Geuza kopo usome limezimuliwa kwa kitu gani, na limetiwa kikaushio gani. Mafuta ya mimea yakiwa nusu kopo na nusu nyingine ikiwa thina, kifua chako hakitaona tofauti.

Mafuta ya nazi. Jibu ni hapana, na ningependa ujue sababu, kwa kuwa ukiijua hutahitaji kuniuliza kuhusu mafuta mengine.

Mafuta yanayofaa kulinda mbao hayakauki kama nguo kambani. Nguo hukauka kwa kupoteza maji. Mafuta haya hukauka kwa kula hewa. Kila chembe ya mafuta ina mikia mitatu. Katika nazi mikia hiyo imenyooka na imejaa, oksijeni haina mahali pa kushika. Katika mafuta ya kitani mikia ina mikunjo, na jirani na kila mkunjo pana upenyo ambao oksijeni huuvamia. Ikishaingia, mkia mmoja hujifunga kwenye mkia wa jirani, na huo kwa mwingine, mpaka yale yaliyokuwa maji yanageuka wavu mmoja mkubwa usioyeyuka tena. Ukipaka kioo mafuta ya kitani ukakipima kwenye mizani nyepesi ya maabara, utaona uzito unaongezeka kadiri yanavyokauka. Yanaongezeka kwa hewa yaliyoila.

Wakemia huhesabu nafasi hizo kwa kuangalia gramu 100 za mafuta zinameza gramu ngapi za iodini. Nazi humeza kati ya 6 na 11 tu. Mawese ni 50 na kidogo. Nyonyo, yaani mafuta ya mbarika, ni 80 na kitu. Alizeti ya kawaida huanzia 110 na kwenda hadi 140. Kitani hupita 170. Chini ya 110 hivi usitarajie utando wowote, utabaki na mbao inayonata, inayokamata vumbi la msasa na kuota ukungu masika yakifika. Juu ya 140 mambo ni mazuri. Katikati hapo mafuta hukauka kwa kusuasua. Nazi iache jikoni. Mwiko na kibao cha mbuzi unaweza kuvipaka, kwa kuwa hivyo huoshwa na kupakwa tena kila mara, lakini mlango hapana.

Kama huniamini, fanya jaribio hili, ni la bei ya chai. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kigawe mistari kwa utepe, paka kila mstari mafuta tofauti kwa kitambaa, yawe membamba kabisa. Kiweke mahali pakavu penye hewa na mwanga, pasipo vumbi. Kila asubuhi gusa kwa kidole. Kitani kibichi kitashika ndani ya siku chache hadi wiki. Alizeti itakuchosha kwa kungoja. Nazi itakuwa vilevile ulivyoiacha.

Kuhusu alizeti niongeze neno, maana Singida na Dodoma wanaikamua kwa wingi na bei yake ni afadhali kuliko kitani kinachotoka nje. Ina sifa moja ambayo kitani hakina, haigeuki njano sana mbao ikikaa gizani, na ndiyo maana viwanda huitumia kwenye rangi nyeupe. Udhaifu wake ni uvivu wa kukauka. Wachoraji wa zamani walikuwa na dawa ya uvivu huo: walimimina mafuta kwenye sinia pana, wakayafunika kwa kioo kilichoinuliwa kidogo ili hewa ipite, wakayaacha juani wiki kadhaa huku wakikoroga. Mafuta huanza kula hewa mapema, yanakuwa mazito kama asali, na yakishapakwa hukauka haraka zaidi. Jua la Lindi linaiweza kazi hiyo. Ila angalia mbegu: kuna alizeti za kisasa zilizozalishwa makusudi ili mafuta yake yasiharibike upesi kwenye kukaanga, na hizo kwa kazi yetu ni mbaya kwa sababu ileile inayozifanya ziwe nzuri jikoni.

Mafuta ya tungu kutoka China ndiyo bora kuzuia maji. Miti yake ilipandwa hata Malawi, upande wa kaskazini, wakati wa ukoloni. Ukiyapata halisi, nunua. Makopo mengi yenye jina hilo ni vanishi ya kawaida iliyotiwa jina zuri.

Sasa kwa nini vanishi yako inabanduka? Sababu ni mbili na zinasaidiana kukuumiza. Ya kwanza ni ugumu. Vanishi ya kung'aa ya ndani imepikwa na gundi ngumu nyingi na mafuta machache. Ikishakauka ni kama kioo. Mlango wa baharini hautulii hata mwezi mmoja. Masika mbao inanywa maji inavimba, kiangazi inakauka inasinyaa, na utando mgumu hauwezi kuifuata, unapasuka. Maji yakishaingia kwenye ufa mmoja hayatoki, yanasukuma utando kutoka chini. Ya pili ni jua. Vanishi ni angavu, mwanga unapita hadi kwenye mbao yenyewe na kuunguza ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake juu kabisa. Utando unabaki umeshikilia unga. Ndiyo maana ukiubandua unaona upande wa chini umeshika tabaka jembamba la mbao lenye rangi ya kijivu. Vanishi yako haikuachia mbao, mbao ndiyo iliyoachia. Ungepaka tabaka kumi za vanishi ileile, bado ingeachia.

Watu wa pwani hii waliujua uwiano wa gumu na laini kabla ya makopo. Fikiria majahazi. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo hayakujifanya kioo, yaliingia ndani na yakarudiwa kila msimu. Chini ya maji palipakwa deheni, shahamu na chokaa zilizopondwa pamoja, dhidi ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Hakuna nahodha aliyepaka mara moja akasahau. Kumpandisha jahazi, kumkalafati na kumpaka upya ilikuwa sehemu ya mwaka wake.

Na vanishi yenyewe, ile ya kung'aa kweli, ina damu ya kwetu. Umewahi kusikia sandarusi? Wengi wa kizazi changu wameisikia kwenye masimulizi ya wazee tu. Ni utomvu wa msandarusi, mti wa pwani ya Afrika Mashariki, na ile bora kuliko zote haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini mahali ambapo miti ilishakufa zamani, utomvu ukabaki umezikwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ikioshwa, uso wake huonekana na vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mnunuzi kujua kwamba hajauziwa changa. Ile changa iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa Kiingereza walilisikia neno hilo vibaya wakaligeuza kuwa jina la punda dume. Unguja ilikuwa soko lake. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, merikebu za Salem, mji wa bandari karibu na Boston, zilikuja kuichukua kwa wingi pamoja na pembe za ndovu.

Waliifanyia nini? Waliiyeyusha kwenye moto mkali, wakamwagia mafuta ya kitani ya moto, wakapika mpaka viwili hivyo vikawa kitu kimoja, kisha wakazimua kwa tapentaini. Hiyo ndiyo ilikuwa vanishi ya magari ya farasi ya kifahari ya karne ya 19, iliyovumilia mvua, matope na jua. Sandarusi ilitoa ugumu na mng'aro, kitani kilitoa unyumbufu. Mpishi wa vanishi alijua kuongeza mafuta kwa kazi ya nje na kupunguza kwa kazi ya ndani, na sheria hiyo haijabadilika hadi leo hata kama sandarusi imeachwa. Nimekueleza haya kwa sababu barua yako inazungumza kana kwamba vanishi ya mimea ni kitu kipya kinachotoka ng'ambo. Nusu ya ile iliyokuwa bora duniani ilichimbwa pwani hiihii unayofanyia kazi. Lakini tafadhali usijaribu kuipika. Joto linalohitajika linapita nyuzi 300, moshi wake unawaka, na wapishi wa zamani waliungua.

Maganda ya korosho ndiyo swali nililolifurahia zaidi. Pia ndilo ninalotaka unisikilize kwa makini.

Ndani ya ganda, kati ya kuta zake mbili, kuna mafuta meusi yanayokaribia robo ya uzito wa ganda, na mara nyingine yanazidi. Wabanguaji wa mkono wanayajua kwa maumivu, ndiyo sababu hujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kushika. Sehemu yake kubwa, zaidi ya nusu, ni asidi inayochubua ngozi kama moto. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe, ambao utomvu wake pia huwatoa watu vipele midomoni, na wa ukoo uleule na mti wa China na Japani ambao utomvu wake umetumika kwa maelfu ya miaka kupaka mabakuli na masanduku, ukawa utando mweusi unaong'aa na usiopitisha maji. Huko Japani wapakaji waliokosa utomvu wa mti wao, au walioona ni ghali, walitengeneza rangi ya mbadala kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, na hadi leo inauzwa kwa jina la korosho. Kwa hiyo wazo lako ni sahihi kabisa. Mafuta haya yana mikia yenye mikunjo kama ya kitani, halafu chembe zake zina umbo la pete ambalo mchwa na kuvu hawalipendi. Huko Goa wavuvi waliyapaka mashua zao.

Kiwandani hufanyiwa jambo moja la msingi. Hupashwa moto karibu nyuzi 200, ile asidi inatoa hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kadanoli, ambayo ukali wake kwa ngozi ni mdogo zaidi ingawa si salama kabisa. Kutokana na kadanoli hutengenezwa vigandishio vya rangi za meli, vinavyothaminiwa kwa sababu hushika hata kwenye chuma chenye unyevu na kwenye baridi, mahali vigandishio vingine hukataa. Hutengenezwa pia breki za magari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakemia wameyatafiti mafuta haya kwa miaka mingi, pamoja na uwezo wake wa kuzuia chuma kuliwa na kutu. Ujuzi upo nchini.

Kinachoniuma ni kwamba korosho yetu nyingi huuzwa ghafi, ikiwa na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000. Piga hesabu mwenyewe: ganda ni zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi, na robo ya ganda ni mafuta. Tunasafirisha makumi ya maelfu ya tani za malighafi ya rangi bure, ndani ya gunia, kisha rangi ya kupaka mashua zetu tunainunua. Kila ninapopita Mtwara nikaona lundo la maganda linachomwa moto, moshi wake mweusi ukiwasha macho ya watoto jirani, nasikia uchungu. Kubangua hapa si suala la punje peke yake.

Kwako wewe, fundi, ushauri ni huu. Usikamue wala kupika maganda nyumbani. Mvuke wake unachoma macho na koo, na wewe tayari una kifua kibovu. Kama kuna kiwanda cha kubangua karibu kinachouza mafuta yaliyokwisha kupashwa moto, yanunue kidogo, ya kazi moja tu: nguzo za uzio na sehemu za fremu zinazofukiwa ardhini au kuingia ukutani, pale mchwa wanapoanzia. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani na mikono mirefu. Paka, acha wiki kadhaa nje. Usiyapake kitandani, mezani wala kwenye kitasa na mahali popote mkono wa mtoto utakapogusa. Na rangi yake ni kahawia inayoelekea weusi, mninga wako mzuri utapotea chini yake.

Basi mlango wa baharini ufanyeje? Tumia mafuta ya kitani. Baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi mijini huyauza, kwa jina lake la Kiingereza la linsidi. Kuna mabichi na kuna "yaliyochemshwa". Siku hizi hayachemshwi, yametiwa kikaushio. Uliza ni kikaushio gani. Cha manganizi au zirkoni ni bora kuliko cha kobalti, na cha risasi kikatae kabisa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto pasipo kuonyesha dalili mapema, na kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi yoyote ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisilo na lebo liache dukani.

Bandua vanishi ya zamani yote, piga msasa mpaka ufikie mbao yenye rangi yake. Kama ni mvule, na ukipata kazi ya msaji au mpingo, futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, nje kwenye hewa, subiri dakika chache, kisha paka papo hapo. Mbao hizo zina mafuta yake ya asili yanayozuia oksijeni isifanye kazi, na fundi anaweza kungoja mwezi mzima mlango ukinata huku akilaumu kopo. Mninga na mkongo piga msasa tu. Tabaka la kwanza pasha mafuta kwenye chupa iliyozamishwa ndani ya maji ya moto, mbali na jiko. Yakiwa ya moto huwa mepesi na kuzama ndani bila thina. Hilo ndilo jambo litakaloponya kifua chako. Acha yanywe nusu saa, kisha futa yote, narudia, yote yaliyobaki juu. Mafundi wengi hukosea hapa. Wanaacha mafuta mengi wakidhani ndiyo ulinzi, uso unakauka na chini kunabaki uji, ngozi inakunjamana kama maziwa yaliyopoa. Mafuta hula hewa kutoka juu, tabaka nene linajifungia mlango lenyewe. Lita moja inatosha mita za mraba 10 hadi 15, kwa hiyo mlango mmoja pande zote mbili hauhitaji hata nusu lita kwa tabaka moja. Rudia mara tatu, kila mara baada ya tabaka lililotangulia kukauka.

Kisha rangi, kwa sababu ya jua. Mafuta matupu hayazuii mwanga. Chukua ule unga mwekundu wa oksaidi unaopakwa sakafu za saruji, au wa kahawia, kijiko kwa kijiko, usage ndani ya mafuta mpaka usione chembe. Ni kutu iliyosagwa, ndugu wa ngeu unayopigia mstari, na hakuna kinachovumilia jua kama kutu. Ukitia kidogo utaona bado mishipa ya mbao inaonekana. Waswidi wamelinda nyumba zao za mbao kwa kutu ya migodi ya Falun kwa karne nyingi. Kama ukungu mweusi unakusumbua, na pwani utakusumbua maana kuvu wanapenda mafuta ya kitani kama chakula, ongeza unga mweupe wa oksidi ya zinki kwenye tabaka la mwisho. Kisha kila mwaka, kabla ya masika, osha mlango chumvi, ukauke, upake tabaka moja jembamba. Kazi ya asubuhi moja. Hutabandua tena maisha yako.

Vitanda na meza za ndani hazihitaji rangi. Tabaka mbili za mafuta, halafu nta ya nyuki. Yeyusha sehemu moja ya nta kwenye sehemu nne za mafuta, sufuria ndani ya sufuria ya maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo, huna haja ya moto mkali. Sugua kwa kitambaa, kesho yake ng'arisha. Nta iwe ya mwisho, juu yake hakuna kinachoshika tena.

Na matambara. Hapa nakuomba usome mara mbili. Yale mafuta yanayokula hewa hutoa joto yakila. Kwenye mbao joto hilo hutawanyika. Kwenye tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni halina pa kwenda, linapanda, tambara linawaka lenyewe pasipo kiberiti. Nimeliona kwa macho yangu: karakana moja niliyokuwa najifunzia, tulifunga jioni, tukaacha ndoo ya matambara ya kitani chini ya meza. Jirani aliona moshi usiku akavunja mlango. Tulikuta meza imeungua nusu. Wengine hawakubahatika. Februari 1991 huko Philadelphia, Marekani, matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi wa mbao yaliwasha jengo la ghorofa 38, likaungua tangu ghorofa ya 22 hadi ya 29, na wazima moto watatu walikufa. Kila jioni, kabla hujanawa mikono, yatie matambara kwenye ndoo ya maji, au yatandaze moja moja juani kwenye waya mpaka yawe makavu kama karatasi. Mfundishe na kijana anayekusaidia, maana yeye ndiye anayefagia.

Mteja anayetaka kung'aa usimlaumu. Vanishi ya kioo imekuwa ndiyo alama ya mlango mpya. Kwa kazi ya ndani unaweza kumpa mng'aro kwa tabaka tano au sita nyembamba, ukisugua kwa msasa laini kabisa kati ya kila moja. Inachukua wiki kadhaa, na bei iseme hivyo. Kwa mlango wa nje, chukua vipande viwili vya mkongo uleule, kimoja kipake vanishi yako ya kawaida, kingine mafuta na oksaidi, vipigilie misumari kwenye ukuta wa karakana upande wa bahari leo hii. Andika tarehe nyuma. Mteja wa mwakani asikusikilize wewe, mpeleke ukutani.